Ziwa la Justa

4 Oktoba

Karatasi ya Shatiba ninayonakilia vitabu vya watu ni ghali, lakini kingo ninazozikata ni zangu na hakuna wa kunidai. Basi nitaandika humu. Mizeituni ya huku Sharafu, nje ya Ishbilia, hufuata miezi ya Wakristo, swala zetu hufuata mwezi mwandamo. Mimi niliyelelewa na bibi aliyebatizwa kisha nikaolewa na imamu nafuata vyote viwili, wala sichanganyikiwi.

Habari ya leo ni moja. Nuzha wangu anaolewa. Hakam, mwana wa Bi Asma mwenye kinu cha mafuta, amemposa na nimekubali. Ndoa itafungwa zeituni za mwisho zikishakamuliwa, kabla mwaka wa Wakristo haujageuka. Mwanangu ana miaka kumi na minane na tangu juzi anaimba hata akichambua dengu. Mimi ni mjane, kalamu ndiyo inilishayo. Sikutarajia nyumba kama ile ipige hodi kwangu. Alhamdulillahi.

9 Oktoba

Upepo wa mashariki. Nimenakili kurasa nne. Kichwa kinaniuma.

15 Oktoba

Bi Asma amekuja na tini, zabibu na maneno. Tini zilikuwa nzuri.

"Mwenzangu," akaniambia, "mimi sikutazama mali. Nimetazama malezi. Hakam nimemnyonyesha mwenyewe miaka miwili kamili. Kwetu, tangu wazee watoke Yemen, hakuna mtoto aliyetiwa ziwa la mtu baki, seuze la hawa majirani zetu wanaokula nguruwe."

"Hata mimi," nikajibu. "Nuzha ni ziwa langu mwenyewe."

Mwongo mkubwa mimi. Nimeusema uongo huo mara nyingi hata haunikwami tena kooni. Ukweli nauandika hapa kwa kuwa hakuna atakayeusoma. Mwaka wa homa nilijifungua nikiwa nawaka mwili mzima, na maziwa hayakutoka. Justa, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mkristo, alikuwa amemzika mwanawe wiki ile ile na kifua kimemjaa hadi kanzu inalowa. Marehemu mume wangu alikuwa ametoka kuhutubia Ijumaa kwamba maziwa ya mnywa mvinyo hayafai kinywani mwa mtoto wa Kiislamu. Sheria haikukataza hivyo, ni ukali wake tu. Ningemwambia nini? Nilimpeleka mtoto kwa Justa siku arobaini, nikisema naenda kumliwaza mfiwa. Mume wangu alikufa hajui. Nuzha mwenyewe hajui.

24 Oktoba

Justa amerudi leo. Tangu kiangazi alikuwa Ishbilia kwa kaka yake akitibiwa miguu iliyovimba. Amerudishwa juu ya nyumbu akiwa amefungwa kwa shuka asianguke. Ishaki, tabibu Myahudi aliyemsindikiza, alinivuta kando. "Mpeni anachotaka," akasema. Nikaelewa.

Nilimpelekea mchuzi. Akanishika mkono.

"Nuzha wangu yuko wapi, nimbusu?"

"Yuko kisimani. Anaolewa, shoga! Umechelewa vigelegele. Anaolewa na Hakam wa kinu."

Aliuachia mkono wangu.

"Hakam wa Asma?"

"Kuna Hakam mwingine hapa kijijini?"

"Muhja, huyo nimemnyonyesha."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. "Homa imekupanda kichwani."

"Sina homa. Mwaka ule ule. Ziwa la kushoto la wako, la kulia la wake. Asma alikauka. Wewe ulikuja mlango wa mbele, yeye akaja mlango wa nyuma alfajiri, kabla hujaamka. Aliniapisha kwa msalaba wangu, nawe ukaniapisha kwa mwanangu aliye kaburini. Ningefanya nini? Nikawanyamazia wote wawili."

"Alinyonya mara ngapi?"

"Miezi mitatu. Kila alfajiri."

Kwa madhehebu yetu mara moja tu ingetosha. Mke wa imamu hahitaji kuambiwa: waliotiwa ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Nuzha na Hakam ni kaka na dada. Nilitoka mle nikiwa nimesahau hata bakuli.

25 Oktoba

Sikunakili kitu.

2 Novemba

Kitabu cha sheria za ndoa ninachomnakilia Sheikh Mundhir, naibu wa kadhi, kimefika mlango wa kunyonya. Neno "dada" nimelikosea mara tatu, na mara tatu nimelikwangua kwa kisu hadi karatasi ikatoboka. Ilibidi ukurasa wote niuanze upya.

Sheikh alipopita kutazama kazi, nilimuuliza kama mtu anayeuliza tu.

"Sheikh, Mkristo akishuhudia kwamba Waislamu wawili ni ndugu wa ziwa?"

"Ushahidi wake juu yao haupokelewi."

"Na mwanamke mmoja Mwislamu?"

"Mmoja hatoshi. Wawe wawili wanaolijua jambo lenyewe." Akanitazama. "Kwa nini, Bi Muhja?"

"Nataka nielewe ninachoandika."

"Mnakili akianza kuelewa, kazi huchelewa," akasema akicheka, akaenda zake.

Kwa hiyo Justa hahesabiki, na mimi peke yangu sitoshi. Mbele ya kadhi hakuna kitu. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi, nikajichukia kwa wepesi ule.

6 Novemba

Adhuhuri, jua la wazi, nimekaa uani na kalamu yangu. Mtoto mchanga akalia upande wa pili wa ukuta. Nyumba ya Justa haina mtoto tangu miaka kumi na minane. Nilifikiri ni paka, nikaendelea. Akalia tena, kilio kile cha njaa kinachomkaza mama kifua. Nilishika ziwa langu bila kujua, mimi mwanamke niliyekwisha kukoma hedhi.

Nilikwenda. Justa alikuwa amelala, macho wazi.

"Nani analia humu?"

"Umewasikia na wewe?" akasema. "Mimi nawasikia tangu Ishbilia."

Sikuwa nimesema ni wangapi.

8 Novemba

Wachumaji wamefika kutoka milimani, Waislamu kwa Wakristo, na kelele zao. Nuzha anachuma pamoja nao. Kilio hakikusikika leo.

9 Novemba

Kimesikika.

11 Novemba

Hakam ameleta punda wa zeituni zetu za kuchovya kwenye chumvi. Kijana mzuri, Mungu shahidi. Alisimama nje ya mlango akainamisha macho kama adabu inavyotaka, akanisalimu, "Shikamoo mama." Kisha akawa anapakua huku akiimba chini chini. Ulikuwa wimbo wa Justa wa kubembelezea mtoto, kwa ile lugha ya nyumbani ya Wakristo, ule wa mwanakondoo aliyelala mtoni. Huko ndani Nuzha alikuwa akikanda unga, naye akaitikia mstari wa pili.

"Wimbo huo umeutoa wapi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Ninao tu. Nyumbani mama yangu akiusikia huniambia ninyamaze."

"Na wewe?" nikamuuliza Nuzha baadaye.

"Si wa Mama Justa? Ametuimbia wote hapa mtaani." Akacheka. "Umesikia sauti zetu zilivyooana?"

Nikajifanya nakuna jicho.

14 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Asma. Nilimkuta kinuni akiwafokea watu, mawe yanazunguka, mafuta yanatiririka. Nilimwomba tukae kando.

"Bi Asma, niambie kwa haki ya Mungu. Hakam alinyonya kwa Justa?"

Uso wake ulibadilika ukawa mweupe, kisha mwekundu.

"Nani amekwambia?"

"Nauliza tu."

"Maskini akipata matako hulia mbwata," akasema. "Nimekutoa kwenye wino wako nikutie ukoo wenye jina, umekuja kunivunjia heshima kinuni kwangu? Au umepata mkwe mwingine? Sema, ndoa tuivunje leo, na sababu nitaitangaza mimi!"

"Sikuja kuvunja kitu."

"Basi toka. Na huyo mgonjwa wako mwambie afe na ulimi wake."

Nilitoka kwa hasira, njia nzima namtukana moyoni: mwanamke mwenye kiburi, anaweza kumwoza mwanawe kwa dada yake ili jina la Yemen lisiguswe. Nilikuwa nimefika mtini kwetu ndipo nikatambua kwamba sikumwambia neno moja juu ya Nuzha. Nilikwenda kumvua nguo mwenzangu, zangu nimezifunga hadi shingoni. Kwa hiyo hajui kwamba watoto wetu ni ndugu. Anajua nusu yake tu.

Ilinipasa nirudi pale pale. Sikurudi.

20 Novemba

Justa amefariki asubuhi. Nilikuwa kando yake. Kasisi alikwisha kumpaka mafuta na kutoka.

"Nakwenda kuulizwa," akaniambia. "Nawe utaulizwa. Wa kwenu na wa kwetu ni mmoja, Muhja, hata wakigombana kina kasisi na kina mumeo. Usiniache huko nikisema kweli peke yangu."

"Mwanangu atakufa kwa huzuni."

"Wangu alikufa," akasema. Hakusema tena.

Kengele yao iligongwa mara moja, polepole, kama watawala wa mjini wanavyowaamuru Wakristo. Sisi Waislamu wa mtaa tulimsindikiza hadi lango la makaburi yao, tukasimama hapo. Nuzha alilia kama mtoto na hakujua anamlilia nani. Niligeuka nyuma nikamwona Bi Asma amesimama mbali, peke yake, shela ameiuma kwa meno, analia kuliko ndugu wa maiti. Aliponiona aliondoka haraka.

27 Novemba

Mvua. Uchumaji umesimama.

28 Novemba

Mvua.

1 Desemba

Mvua. Nyumba ya Justa imefungwa, ufunguo ninao mimi. Kilio hakitoki tena upande wa pili wa ukuta. Kimehamia upande huu.

7 Desemba

Naandika haya, na sikulewa wala sina homa. Leo mchana mvua ilipopungua nilitoka kuchota maji. Justa alikuwa ameketi juu ya jiwe la kisima. Kanzu yake ilikuwa ile ya mwaka wa homa, imelowa kifuani. Alikuwa ananyonyesha wawili, mmoja kila upande. Nikajikaza, nikasoma nilichojaliwa kusoma, nikasogea. Miili ilikuwa ya vitoto vichanga lakini nyuso zilikuwa za leo. Alikuwa Nuzha, na wanja machoni. Na Hakam, na ndevu zake. Wananyonya wameshikana mikono.

Ndoo iliniponyoka. Nuzha, yule wangu wa kweli, akatoka mbio. "Mama, una nini?"

"Utelezi," nikasema.

12 Desemba

Nimemwambia Nuzha. Siku kumi zimebaki, na usingizi umenihama.

Alikuwa anashona mto wa kitandani. Nilimwambia yote, la mlango wa mbele na la mlango wa nyuma. Hakupiga kelele. Alichomeka sindano kwenye mto, akauweka chini vizuri.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, na Bi Asma anajua la kwake. Justa amekufa."

"Basi hakuna anayejua."

"Nuzha! Mungu je?"

"Mungu alijua miaka kumi na minane, mama, na wewe ulilala usingizi." Sauti yake haikuwa ya mwanangu. "Ulificha kwa sababu ya aibu yako. Umemficha baba, umenificha mimi, umewaficha watu wote. Sasa umeshindwa kunifichia mimi siku kumi?"

"Ni kaka yako."

"Si kaka yangu! Kaka unamjua tangu mdogo, mnagombania mkate. Huyu nimemjua dirishani, mwaka jana, akipita na punda." Hapo ndipo alipolia. Alinipigia magoti, mtoto niliyemzaa. "Mama, nisamehe, nakuomba. Nyamaza tu. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote."

Nikamwambia nitanyamaza. Nilimwambia kwa sababu nampenda, na kwa sababu kunyamaza ndiyo kazi niijuayo zaidi ya kalamu.

13 Desemba

Haimbi tena. Tunazungumza habari za sahani na mikeka.

17 Desemba

Leo wamekamua zeituni za mwisho. Mafuta mapya yamepelekwa kila nyumba, msikitini na kanisani pia, kama ilivyo desturi. Niliyaonja, nikasikia ladha ya maziwa. Nikatapika uani.

19 Desemba

Nimefikiria wajukuu. Watakuja, watakuwa na macho ya Hakam, watanikimbilia wakiita "Bibi!" nami kila nikiwapakata nitamwona yule juu ya kisima. Na siku moja mtu atajua, kwa kuwa mficha uchi hazai, na Nuzha atatenganishwa na mumewe akiwa na watoto wanne. Haya ni mawazo ya busara. Lakini kusema kweli si busara inayonisumbua. Naogopa. Nasikia wanavyonyonya.

22 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ndoa ilikuwa ifungwe kwetu, baada ya alasiri. Wanaume uani na Sheikh Mundhir, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Nuzha chumba cha ndani amefunikwa, hina mikononi. Bi Asma alikaa kando yangu. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya kinuni zaidi ya salamu. Harufu ya wali wa zafarani imejaa nyumba nzima.

Sheikh akasoma hotuba. Kisha akauliza swali linaloulizwa kila ndoa na ambalo hakuna mtu hulijibu. "Je, kuna kizuizi baina ya hawa wawili, cha damu, cha ukwe, au cha ziwa?"

Akangoja kidogo tu, kama inavyofanywa. Nikasikia wanaume wanajiweka sawa wamalizie.

"Kipo," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nyuma yangu, chumba cha ndani, kitu kilianguka.

"Nani amesema?" akauliza Sheikh.

"Mimi, mama wa bibi harusi. Mwanangu amenyonya kwa Justa, mwaka wa homa, siku arobaini. Mimi mwenyewe nilimpeleka. Nilimficha marehemu imamu kwa aibu, nikawaficha ninyi nyote. Na Hakam pia amenyonya kwa Justa."

Kelele zikaanza uani. Mjomba wa Hakam akapaza sauti kwamba huyu mwanamke amerukwa na akili, kwamba ni husuda, kwamba mjane wa imamu anatukana ukoo wa watu. Sheikh akawanyamazisha.

"Bi Muhja, la mwanao umelijua mwenyewe. La huyu kijana umelionaje?"

"Nimeambiwa na Justa."

"Justa hakuwa Mwislamu, na sasa ni marehemu. Yupo mwanamke mwingine anayelijua jambo hili?"

Nilijua Bi Asma yuko pale, bega lake limegusa langu, na nilingoja anirarue. Angeweza. Neno moja tu, "Mwongo," na ndoa ingefungwa na mimi ningebaki kichekesho cha Sharafu yote. Sikumtazama. Ile siku ya kinuni nilimtazama machoni kama hakimu, wala haikusaidia kitu.

"Nilikuwa nikiingia kwa mlango wa mbele," nikamwambia polepole, yeye peke yake. "Nikimfunika Nuzha kwa shela, nikisema naenda kumpa Justa pole. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, Bi Asma. Nami nilikuwa naona haya."

Akavuta pumzi.

"Miezi mitatu," akasema, kwa sauti ya kufika uani. "Kila alfajiri. Kwa mlango wa nyuma." Kisha akashika mkono wangu, akaubana hadi pete yake ikaniumiza. "Sikujua la wako. Wallahi, Muhja, la wako sikulijua."

Tulikaa hivyo, vibibi wawili waongo, tumeshikana mikono. Zaidi ya mwezi mzima nilikuwa nimemchukia mtu ambaye alikuwa mimi.

"Mama wawili wamekiri, kila mmoja la mwanawe; yatosha," akasema Sheikh, akafunga kitabu. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wali haukuliwa. Hakam sikumwona.

23 Desemba

Nuzha amenawa hina kwa siki na mchanga hadi mikono ikachubuka. Hina haitoki kwa kunawa.

24 Desemba

Hajasema nami.

26 Desemba

Hajasema nami. Nyumba iko kimya. Hakuna kinacholia, upande huu wala ule. Nilidhani kimya hiki kikija nitapumzika.

29 Desemba

Bi Asma amekuja bila zawadi. Alikaa jikoni, akachambua dengu zangu, akaondoka. Alisema jambo moja tu, kwamba Hakam halali kwao, analala kinuni juu ya makapi.

1 Januari

Sikukuu ya mwaka. Kila nyumba imeoka mikate ya asali, yetu na ya Wakristo, watoto wanakwenda mlango kwa mlango. Mimi sikuoka.

Baada ya adhuhuri hodi ikapigwa. Alikuwa Hakam. Amekonda, ndevu hazikuchanwa. Hakusimama nje kama zamani. Alivuka kizingiti akaingia hadi uani, kwa kuwa sasa anaweza.

"Sheikh ameniambia ni haki yangu kuingia," akasema. "Ameniambia niizoee. Kwamba nikija nikikaa naye, nikimwona kama kaka anavyomwona dada, moyo utafuata. Nimekuja kujaribu, mama."

Maskini, alikuwa ameleta mkate.

Nuzha alikuwa kando ya meko, kichwa wazi, nywele zimeachwa tu mabegani, hajazisuka tangu siku ile. Hakam hakuwahi kuziona. Mwaka mzima alikuwa ameona macho na ncha za vidole. Aliinua uso akaziona, akainamisha macho kama zamani.

Nuzha akainuka bila haraka. Akachukua shela msumarini, akajifunika nywele, akajifunika kidevu, akajifunika mdomo na pua, akabakiza macho.

"Nuzha, mwanangu," nikasema, "huyu huna haja ya kumfunikia. Ni kakako."

Alichojibu ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku kumi, na hakuniangalia mimi alipolisema, alimwangalia yeye.

"Niache hivi hivi, mama. Nikiivua, nimekubali."